Uvimbe wa Bandama: Kabla Hujauza Mtumbwi

Shemeji yangu anavua dagaa Ukerewe. Mchana hapigi simu, maana mchana ndio usiku wake. Kwa hiyo siku aliponipigia saa saba mchana nilijua kuna jambo. "Shemeji," akasema, "nimetoka kupigwa picha ya tumbo. Wanasema nina uvimbe wa bandama. Nauliza tu, niuze mtumbwi tuanze safari ya Dar, au ndiyo basi tena?"

Nilimwomba anitumie picha ya ile karatasi. Iliandikwa Kiingereza, kama karatasi nyingi za namna hiyo, na neno lililozua balaa lilikuwa moja: splenomegali. Maana yake ni bandama lililokua kuliko kawaida, basi. Mhudumu aliyempa majibu alilitafsiri "uvimbe wa bandama", na shemeji akasikia saratani. Mhudumu hakukosea Kiswahili, wala shemeji hana masikio mabovu. Neno lenyewe ndilo lenye shida. Kifundo cha mguu kilichoteguka kina uvimbe. Jipu ni uvimbe. Mayoma ya kizazi ni uvimbe. Saratani ya titi nayo ni uvimbe. Mgonjwa akilisikia neno hilo hospitalini huchukua ile maana nzito kuliko zote.

Mimi si daktari. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na nimewauliza madaktari maswali mengi ya kijinga, jambo ambalo mgonjwa mwenye hofu huona haya kulifanya. Yaliyomo humu ndiyo niliyomweleza shemeji vipande vipande, pamoja na mengine ambayo yeye hakuyahitaji lakini wewe huenda ukayahitaji.

Bandama, au wengu kama wanavyoliita wengine, limejificha ubavuni kushoto, nyuma ya tumbo la chakula, chini ya ubavu wa tisa hadi wa kumi na moja. Kwa mtu mzima mwenye afya lina urefu wa sentimita 11 au 12 na uzito wa gramu 150 hadi 200. Aliyewahi kuchuna mbuzi analijua: ile nyama ya rangi ya zambarau iliyoshikamana na tumbo, laini, ambayo ukiigusa kwa ncha ya kisu inavuja damu papo hapo. Ulaini huo ukumbuke.

Kazi yake kubwa ni kuchuja. Chembe nyekundu za damu zilizozeeka huvunjwa humo. Theluthi moja hivi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huwekwa akiba humo. Na vijidudu vinavyosafiri ndani ya damu hukamatwa humo, hasa vile vilivyovaa ganda ambavyo askari wengine wa mwili hushindwa kuvishika. Kwa kuwa damu yote ya mwili hupita mlangoni pake, bandama hushuhudia kila ugonjwa unaopita ndani ya damu, na mara nyingi huvimba kwa sababu ya ugomvi usiokuwa wake. Kwa kawaida halishikiki kwa vidole. Mpaka daktari alipapase chini ya mbavu, huwa tayari limekua mara mbili au tatu.

Basi swali la kwanza la kumuuliza aliyekupa karatasi si "nitapona?" Muulize hivi: bandama lote limekua, au kuna kitu ndani yake? Hizo ni safari mbili tofauti. Bandama lililokua lote, laini na sawa kila upande, lina orodha yake ya sababu. Bandama lenye kinundu, kifuko cha maji, au vidoa, ukubwa wake uwe wowote, lina orodha nyingine. Karatasi nyingi za altrasaundi hulijibu swali hili kwenye mstari mmoja, na mgonjwa hafiki hapo kwa sababu ameshakufa kwa hofu kwenye mstari wa juu. Uliza pia urefu kwa sentimita, uuandike, maana namba hiyo ndiyo itakayoonyesha baada ya miezi sita kama mambo yanakwenda mbele au nyuma.

Tuanze na bandama lililokua lote, kwa sababu katika nchi zetu hilo ndilo la kawaida.

Malaria ndiyo mkosefu wa zamani. Ipo hali ambapo mtu aliyeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni hubaki na kinga iliyochachamaa, bandama likakua hadi kufika kitovuni, na kipimo cha malaria siku hiyo kisionyeshe kitu. Mgonjwa huwa mweupe kwa upungufu wa damu na huchoka kwa kupanda ngazi tatu. Hali hii hutibiwa kwa dawa ya kuzuia malaria inayomezwa kwa miezi mingi, na bandama hujirudi polepole. Inataka uvumilivu tu, na uvumilivu wa kumeza dawa ukiwa hujisikii homa ni mgumu kuliko watu wanavyodhani.

Kando ya Ziwa Victoria mkosefu ni kichocho cha tumbo. Watu wengi wanakijua kile cha kukojoa damu, lakini hiki kingine ni kimya. Mnyoo huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yake husombwa na damu hadi kwenye ini. Humo huacha makovu kuzunguka mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka tumboni. Mshipa ukibanwa, damu hurudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba, na bandama, lililo nyuma ya kizuizi, hujaa. Mishipa ya koo la chakula nayo hujaa, na hapo ndipo hatari ilipo: siku moja hupasuka, mtu akatapika damu beseni zima. Mwanakijiji akifa hivyo watu husema amelishwa kitu. Shemeji alipoulizwa vizuri alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia aliwahi kutapika damu "kidogo tu". Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kwa wafugaji wa Turkana, Pokot, Baringo, Marsabit, Wajir, na ng'ambo ya mpaka huko Amudat, Uganda, kuna kalaazar, inayoenezwa na usubi wa mchanga ambao hupenda vichuguu na nyufa za udongo. Homa ya wiki nyingi isiyosikia dawa ya malaria, kukonda, na tumbo kubwa upande wa kushoto: hapo usiombe paracetamoli, omba kipimo cha kalaazar. Kipo, ni cha tone la damu. Tiba ni sindano za kila siku kwa wiki mbili na ushei, na isipotibiwa huua karibu kila inayemkamata.

Yapo mengine. Ini lililonyauka kwa pombe au kwa homa ya ini ya virusi hulifanya bandama livimbe kwa njia ileile ya mfereji ulioziba. Na kwa mtoto mwenye selimundu bandama linaweza kuvimba ghafla, kwa saa chache, likameza damu ya mwili mzima. Mtoto hupauka, hulegea, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Nchini Jamaika akina mama wa watoto hawa walifundishwa kulipapasa bandama nyumbani na kukimbia hospitali wakilikuta limeshuka, na vifo vikapungua. Sioni kwa nini kila mama wa mtoto wa selimundu Geita au Kisumu asifundishwe vivyo hivyo kliniki. Ni somo la dakika kumi.

Sasa saratani, maana wapo waliosoma hadi hapa kwa ajili ya neno hili.

Saratani nyingi zinazolikumba bandama ni za damu na za tezi, na nyingi kati yake hulikuza lote bila kufanya kinundu. Limfoma, yaani saratani ya tezi, ndiyo inayoongoza. Huweza kuja na mitoki shingoni, kwapani au kinenani isiyouma, jasho la usiku la kulowesha shuka, na uzito kupungua bila sababu. Watu wanaoishi na VVU wako katika hatari kubwa zaidi, ndiyo maana kipimo cha VVU hakikosekani kwenye uchunguzi huu; mtu asikasirike akiombwa. Ipo limfoma moja ya polepole inayopenda bandama la watu wazima wa makamo na wazee, na baadhi yao hukutwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa waliripoti wagonjwa 9 wa namna hiyo waliotibiwa virusi tu, bila dawa ya saratani. Kwa 7 kati yao saratani ilitoweka. Ndiyo sababu daktari makini atakupima homa ya ini kabla ya kuzungumzia kisu.

Kisha kuna saratani ya damu ya polepole inayozidisha chembe nyeupe za uboho. Hii hutoa baadhi ya mabandama makubwa kuliko yote, ya kuvuka kitovu, na mtu hujigundua kwa sababu anashiba baada ya matonge matatu au suruali haifungi. Chembe nyeupe ambazo kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 hukutwa zimezidi 100,000. Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu. Tangu mwaka 2001 unadhibitiwa na kidonge kimoja, imatinib, kinachomezwa kila siku, na wagonjwa wengi wakiendelea nacho huishi miaka na miaka wakifanya kazi zao. Kenya wagonjwa wengi wamekipata bure kupitia mpango wa msaada wa kimataifa. Ukiambiwa unayo, swali la pili baada ya jina la dawa liwe: mpango wa msaada nauombaje? Usiuze shamba kabla ya kuuliza hilo.

Upande wa pili ni kinundu ndani ya bandama. Hapa habari ni njema kuliko watu wanavyotarajia. Vinundu vingi vidogo vinavyoonekana kwa bahati, kwa mtu asiye na dalili wala historia ya saratani mahali pengine, havina madhara. Kilicho cha kawaida zaidi ni hemanjioma, kifundo cha mishipa ya damu ambacho mtu huenda alizaliwa nacho. Vipo pia vifuko vya maji, baadhi vikiwa ukumbusho wa kuanguka au kugongwa zamani. Vidogo vya aina hii huachwa. Picha hurudiwa baada ya miezi 6, tena baada ya mwaka, na kama kipo vilevile, daktari na mgonjwa huagana.

Kifuko cha maji, hata hivyo, kina ndugu mmoja mbaya. Turkana ni miongoni mwa sehemu zinazosumbuliwa zaidi duniani na ugonjwa wa haidatidi, na Wamasai nao wanaujua. Mdudu wake hukaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai hutoka na kinyesi, na binadamu hubaki na kifuko cha maji kinachokua kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, mara chache kwenye bandama. Kifuko hicho hakichomwi sindano ovyo. Maji yake yakimwagika tumboni huleta mshtuko unaoweza kuua, na kupanda vifuko vipya. Kama umeishi na mbwa kwenye ufugaji, mwambie daktari kabla hajashika sindano, hata kama hajakuuliza.

Vidoa vidogo vingi, kama bandama limenyunyiziwa pilipili manga, kwa mtu mwenye VVU anayekonda na kuwa na homa, mara nyingi ni kifua kikuu kilichosambaa. Wapo waliokwisha kuandikiwa saratani kwa picha kama hiyo, kisha vidoa vikafutika kwa dawa za kifua kikuu.

Na vilivyo vibaya kweli? Saratani ya mahali pengine, kama titi, mapafu, ovari, utumbo au ngozi, huweza kutuma vipande kwenye bandama, kwa kawaida ikiwa imeshaenea kwingine pia, hivyo tiba hufuata saratani mama. Ipo pia saratani ya mishipa ya damu ya bandama lenyewe, anjiosakoma. Ni nadra sana. Daktari wa kawaida anaweza kustaafu bila kuiona. Ni katili, huenda kwenye ini mapema, na wengi hawamalizi mwaka. Nimeitaja ili nisikufiche, lakini usijipe ugonjwa huu kwa kuusoma kwenye simu saa nane usiku.

Uchunguzi unaanza na mazungumzo. Daktari asipokuuliza umekulia wapi, unaoga au kuvua kwenye maji gani, unafuga nini, unakunywa kiasi gani, umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mweleze mwenyewe. Kisha damu: ile hesabu kamili ya chembe ambayo Tanzania huandikwa FBP na Kenya huitwa hemogramu. Ni kipimo cha bei ndogo na kinasema mengi kuliko picha ya bei kubwa, hasa mtu wa maabara akiangalia matone kwa hadubini na macho yake badala ya kuiachia mashine. Nimeona watu wakikimbilia CT kwa mamia ya maelfu ya shilingi kabla ya kutoa damu ya elfu chache. Huko ni kununua paa kabla ya kuchimba msingi. Malaria, VVU, homa ya ini B na C, utendaji wa ini, choo kwa ajili ya kichocho, hivyo ndivyo vya mwanzo. CT yenye dawa ya mshipani ina nafasi yake pale altrasaundi inapoonyesha kinundu kisichoeleweka.

Na kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, je? Watu huogopa kuchomwa sindano kwenye bandama, na wana sababu: ni laini na limejaa damu. Mikononi mwa mtaalamu, kwa sindano nyembamba inayoongozwa na picha, mtu 1 au 2 kati ya 100 hupata madhara makubwa, hasa kuvuja damu. Kwa hiyo daktari mzuri hutafuta kwanza mahali rahisi. Kama kuna tezi shingoni, hukata hiyo. Kama damu ina hitilafu, huchukua uboho kwenye mfupa wa nyonga. Bandama huachiwa zamu ya mwisho.

Nina ombi moja hapa, na naomba ulisome mara mbili. Kabla kinyama hakijachukuliwa, usimeze wala usichomwe prednisolone au deksamethasone ambazo maduka ya dawa hutoa kama njugu kwa kila homa na kila mwasho. Dawa hizo huiyeyusha limfoma kwa siku chache. Mgonjwa hufurahi, tezi zinapungua, kinyama kinarudi bila majibu, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi na hasira. Kama umeshazitumia, sema. Hakuna atakayekupiga.

Na ukishaambiwa bandama limevimba, kwa sababu yoyote ile, yapo mambo ya kuacha siku hiyohiyo. Kukandwa tumbo ni la kwanza. Ukimvua shati mtu mzima aliyekulia kijijini si ajabu kukuta chale chini ya mbavu za kushoto; bibi alizichanja kwa wembe na kupaka dawa, kwa upendo wote. Chale hizo huleta vidonda, na wembe wa kuazimana huleta homa ya ini, lakini kukanda ni hatari zaidi. Ile nyama laini ya mbuzi niliyokuambia uikumbuke, ikivimba hujaza ganda lake kama puto, na mkono wa fundi unaweza kulipasua. Mpira wa miguu, mieleka, na kubeba gunia ubavuni viache kwa sasa. Bodaboda ya barabara mbovu nayo si rafiki. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni usimeze bila ruhusa, kwa sababu chembe sahani zako huenda ni chache na mishipa ya koo huenda imejaa. Kuhusu wale wanaouza kwenye mabasi dawa ya "kuyeyusha vimbe zote": dawa inayoyeyusha kila uvimbe haijui tofauti ya kichocho na limfoma, na muuzaji wake atashuka kituo kinachofuata.

Maumivu ya ghafla ubavuni kushoto yanayopanda hadi begani kushoto, kizunguzungu, jasho baridi na kupauka ni bandama lililopasuka mpaka ithibitishwe vingine. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Tiba hufuata sababu, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye sababu. Kichocho hupewa praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Minyoo hufa, lakini makovu ya ini hayaondoki kwa kidonge, hivyo mishipa ya koo hufungwa kwa mpira kupitia kamera, na mgonjwa hupewa propranolol kupunguza shinikizo. Limfoma hutibiwa kwa dripu za dawa za saratani, na aina nyingi hupona au hutulia kwa miaka. Kisu hubaki kwa mambo machache: kinundu kinachokua au chenye sura mbaya, bandama lililopasuka, kifuko kikubwa, saratani ambayo imekataa dawa, au pale ambapo hakuna njia nyingine ya kujua kilichomo.

Kulitoa bandama si jambo geni. Daktari Jules Péan alilitoa Paris mwaka 1867 kwa mwanamke kijana mwenye kifuko kikubwa, naye akapona, enzi ambazo hakukuwa na damu ya kuongezewa wala antibayotiki. Siku hizi, likiwa si kubwa mno, hutolewa kwa matundu madogo na mtu hurudi nyumbani baada ya siku chache. Ulizia jambo moja ambalo hospitali zetu nyingi huwaachia ndugu: bandama lililotolewa linakwenda wapi? Mara nyingi ndugu hukabidhiwa kopo apeleke maabara ya patholojia. Hakikisha ndani kuna formalini, si maji, jina limeandikwa kwenye kopo lenyewe na siyo kifuniko tu, na lifike siku hiyo. Na majibu yafuatwe. Kopo lililosahaulika dirishani ni upasuaji wa bure.

Mtu anaweza kuishi bila bandama hadi uzeeni, ila anaishi kwa masharti. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliandika kuhusu watoto wachanga 5 waliotolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizi makali ya damu. Tangu hapo tunajua kwamba vile vijidudu vyenye ganda, bila chujio, huweza kumuua mtu mzima ndani ya siku moja, na nusu ya wanaopatwa hufa hata wakitibiwa. Kinga ni chanjo tatu: ya nimonia, ya homa ya uti wa mgongo, na ile ya Hib ambayo watoto wetu hupata kliniki. Zitolewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji uliopangwa. Ukiwa wa dharura, wiki mbili baadaye. Mtu mzima mara nyingi huzinunua. Ukikosa ya uti wa mgongo, muulize yeyote aliyekwenda Hija, maana Saudi Arabia huidai kwa kila hujaji, naye atakuelekeza alikochanjiwa.

Baada ya hapo, homa haiitwi tena mafua. Homa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na unapofika sema kwa sauti: sina bandama. Beba kadi inayosema hivyo, iwe kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Daktari akikuandikia penisilini ya kila siku, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria kama daktari ataona inafaa, kwa kuwa malaria kwa mtu asiye na bandama huja na mapanga. Ukiumwa na mbwa, hata mbwa wako mwenyewe aliyechanjwa, nenda ukapewe antibayotiki.

Shemeji alikwenda hospitali ya rufaa mjini Mwanza na ile karatasi yake. Bandama lilikuwa sentimita 19, lote sawasawa, bila kinundu. Ini lilikuwa na makovu, choo kilikuwa na mayai ya kichocho, na kamera ilikuta mishipa ya koo imevimba kama minyoo. Alimeza praziquantel siku ile, akaanza propranolol, na mishipa imefungwa mara tatu hadi sasa. Kipimo cha mwisho bandama lilikuwa sentimita 18. Hakuna aliyezungumzia kulitoa, na mtumbwi bado uko Ukerewe.